Nimetoa Waya wa Kijani Ukutani Ili Sauti Itoke Safi

Jumanne, 14 Mei

Kwako Mshauri,

Mpendwa wetu sisi tunaoanza gazeti kwa ukurasa wa nyuma, naomba unisaidie, na naomba pia usinicheke kabla hujafika mwisho, maana jambo langu likisemwa kwa haraka linaonekana dogo, ni la waya na soketi, na mtu anaweza kuniambia mama, ita fundi, lakini fundi ndiye niliyemzika, na shida yangu inaanzia hapo.

Mume wangu alikuwa fundi umeme wa mtaani, wa kuitwa akiwa anakula na akaacha sahani. Nyumba tunayokaa aliifunga umeme mwenyewe, tukiwa tumehamia haina hata vioo madirishani, mimi nikimshikia tochi, na kila alipotaka kugusa kitu, hata kubadili taa tu, alikwenda kwanza kuzima swichi kubwa pale mlangoni, akarudi, akajaribu kwa testa kama umeme umekatika kweli, ndipo akapanda kwenye stuli. Nilikuwa namtania, "Fundi gani wewe mwoga hivi?" naye ananijibu bila kugeuka, "Wale wasioogopa nimewazika mimi." Nimeshika tochi hiyo hadi nikajua waya gani ni wa nini, nikajua kufungua soketi na kuifunga, ingawa shule yangu iliishia darasa la saba.

Mimi kazi yangu ni kushona. Kazi ya kusoma ilinijia tu. Nilipeleka sare kwenye shule ya wanafunzi wasioona iliyo jirani na kwetu, nikamkuta mwalimu anawasomea kitabu huku koo limekauka, akaniambia nimshikie ukurasa anywe maji, nami badala ya kushika nikaendelea kusoma pale alipoachia, na alipomaliza maji hakukitaka tena kitabu. Akaniambia, "Mama, sauti yako haichoshi." Vitabu vipya vya masomo vinachelewa kutoka kwa maandishi ya nukta nundu, kwa hiyo wanafunzi wanavisikiliza, na mimi ndiye nisomaye. Shule ikanipa maiki, kisanduku cha kuingizia sauti na kompyuta ndogo ya zamani ambayo betri yake ilishakufa, haiwaki mpaka iwe kwenye chaja. Wanafunzi wakaniita Bibi Msomaji.

Marehemu alinitengenezea kona kati ya kabati na kitanda, akatundika mablanketi, akavaa hedifoni, akawa anakaa pembeni yangu kwenye kile kistuli cha cherehani. Mimi nikisoma huwa nasahau na kurudi nyuma, na yeye hakuweza kusema kitu maana sauti yake ingeingia, basi alikuwa ananiwekea kidole chini ya kidevu na kunirudisha mbele polepole, kwenye maiki. Kidole chenyewe kigumu, ncha iliungua zamani kwa chuma cha kuchomelea. Nilizoea hivyo hata nikawa wakati mwingine narudi nyuma makusudi.

Alifariki msimu wa mvua uliopita, kwa moyo, ingawa kila aliyeingia msibani aliuliza kwanza kama ni umeme. Baada ya hapo binti yangu akahamia kwangu na mtoto wake wa kike, nisikae peke yangu, nami namshukuru, lakini alikuja na friza yake, maana anauza maji baridi, juisi na barafu, na friza ikawekwa kwenye korido, upande wa pili wa ukuta wa kona yangu. Tangu siku hiyo kila nilichorekodi kikaja na mvumo. Sio mvumo wa kuusikia kwa masikio chumbani, hapana, chumba kimya kabisa, lakini ukivaa hedifoni unausikia umelala chini ya maneno, mmm, mmm, unakatika kidogo friza ikipumzika na unarudi ikiamka.

Mwalimu akanipigia. "Mama, samahani, hivi unasomea kwenye mashine ya kusaga?" Nikacheka. Akasema, "Wanafunzi wanasema Bibi Msomaji kahamia kwenye mzinga wa nyuki. Sura ya moyo na mishipa ya damu hawaielewi, neno moja wanasikia, neno moja wanakisia, na mtihani ndio huo unakuja." Nikaona aibu. Nikaongeza mablanketi, nikazima feni, nikatoa taa ile ndefu inayolia, nikahamisha meza, mvumo palepale. Nikamwomba binti yangu azime friza mchana ninaposoma. Akazima siku chache, kisha akaniambia, "Mama, juisi inayeyuka, inaganda, inayeyuka tena, wateja wananiuliza kama nauza uji." Ana haki. Friza hiyo ndiyo inayomsomesha mwanawe.

Basi siku moja binti kaenda sokoni, mjukuu yuko chekechea, nikazima swichi kubwa kama nilivyokuwa nikiona, nikachukua bisibisi ya marehemu, nikafungua soketi ninayochomekea kompyuta. Ndani nikaikuta kazi yake, nyaya zimepinda kwa mpangilio kama nywele zilizosukwa na mtu asiye na haraka, nikakaa kwanza pale sakafuni hadi nikatulia. Kisha nikatoa waya wa kijani wenye mstari wa njano, ule ambao mafundi wanauita ethi. Zilikuwa nyaya mbili za rangi hiyo kwenye tundu moja, nikazitoa zote, kila mmoja nikaufunga tepu nyeusi kama alivyokuwa akifunga yeye, nikarudishia soketi. Kwa nini ethi? Kwa sababu niliwahi kumsikia akimwambia mteja mwenye spika za harusini, "Mvumo huu unapitia kwenye ethi," nami hilo nililikumbuka. Alichosema baada ya hapo sikukikumbuka.

Mshauri, mvumo ukaisha. Nilivaa hedifoni nikasikia kimya ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba. Mwalimu akapiga, akafurahi, akaniuliza, "Mama, umepata fundi?" nikasema ndiyo.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na hili sijamwambia mtu. Siku ile ile, nikisoma nimesogea karibu, mdomo wangu ukagusa chuma cha maiki, nikahisi kitu kinatembea, kidogo sana, kama mchanga chini ya ngozi, hapa kwenye mdomo wa chini na kidevu. Nikarudi nyuma. Kisha nikasogea tena. Sikusogea kwa bahati mbaya. Najua ni umeme, mke wa fundi hawezi kusema hajui, lakini kiko pale pale alipokuwa akiniwekea kidole, na kinakuja pale pale ninapokaribia maiki kama alivyotaka, na mimi tangu azikwe hakuna aliyeniambia kaa hivi, soma hivi, hapo umekosea. Nikawa nasoma sura ambazo hata mwalimu hajaziomba.

Haikupita muda binti yangu akafungua friza akaruka. "Hii kitu imenipiga."

Nikamwambia, "Mikono yako ina maji."

"Mikono yangu ina maji kila siku, mama, nauza maji." Akagusa tena kwa kucha, akavuta mkono. Akasimama akiangalia ule ukuta, akasema kwa sauti ya chini, "Baba naye alitufungia umeme wa namna gani humu?"

Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nikaendelea kuchambua mchele.

Kesho yake nikanunua ndara za mpira nikaziweka mbele ya friza, nikasema hakuna kufungua bila kuvaa. Binti akacheka, akasema, "Mama, friza imekuwa msikiti, ila hapa viatu vinavaliwa." Nikacheka naye, na ndani yangu kulikuwa hakuna cha kucheka. Akaniambia tumwite Koleo aje aangalie. Koleo ni jina la utani, ni fundi aliyefanya kazi na mume wangu, na siku zote walikuwa wakibishana, huyu akifunga hivi yule anasema ungefunga vile, hadi hospitali walibishana kuhusu taa ya wodini, na msibani alilia kuliko ndugu wa damu. Nikamwambia binti subiri kwanza. Najua Koleo akifungua ile soketi ataona ethi imetolewa na kufungwa tepu vizuri kwa mkono unaofanana na wa marehemu, na atatikisa kichwa, atasema kumbe bwana huyu alikuwa anatuficha, alikuwa anaacha kazi namna hii. Nitasimama pale nikisikia.

Halafu jana. Nilikuwa kwenye kona yangu nimeanza ukurasa, nikasikia mjukuu wangu anacheka koridoni peke yake, anacheka, ananyamaza, anacheka tena. Nikatoka. Ameweka kiganja kwenye mlango wa friza, amevaa soksi tu. Akaniambia, "Bibi, friza inanitekenya." Akarudisha mkono tena ili anionyeshe. Nilimnyakua kwa nguvu hadi akalia, na alilia kwa sababu yangu, sio ya friza.

Nimeuzungushia mpini wa friza mpira wa baiskeli, nimesogeza meza ya cherehani mbele yake ili mtoto asifike, binti akirudi nitamwambia nafagia. Tangu jana sikai. Nikikaa nasikia miguu ya mtoto hata akiwa amelala, naenda koridoni, narudi, nagusa ukuta, navaa hedifoni, navua, naenda tena. Barua hii naiandika nimesimama, karatasi iko juu ya hiyo meza ya cherehani.

Nikirudisha ule waya, mvumo unarudi na wanafunzi wanaingia kwenye mtihani wamesoma nusu ya moyo, na mimi kile kidole nakikosa mara ya pili. Nisiporudisha, najua. Nikisema kweli, binti yangu atajua kuwa mama yake alimwacha baba yake alaumiwe naye hana mdomo wa kujitetea. Naomba uniambie nianzie wapi, na kama kuna njia ya kuanzia mahali pasipouma, uniambie hapo. Jina langu usilichape. Namba ya simu nimeiandika chini.

Mimi,
Bibi Msomaji

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu,

Wasomaji wajue kwanza kwamba jibu hili halikusubiri gazeti. Niliisoma barua yako mpaka pale mtoto anapotekenywa, nikapitia yaliyobaki mbio mbio, nikapiga ile namba uliyoandika chini. Naweka hapa tuliyosema, kwa sababu ninaamini ziko nyumba nyingine zenye ndara mbele ya friza.

Ulipokea, nikajitaja, ukasema, "Mshauri, kumbe sauti yako nzito hivi." Nikakuuliza friza inafanya kazi? Ukasema ndiyo. Nikakwambia nenda kwenye swichi kubwa, zima nyumba nzima, halafu chomoa plagi ya friza, nakungoja hapa hapa. Ukaniambia binti yako ameijaza jana tu.

"Iyeyuke," nikasema.

"Ataniuliza kwa nini."

"Ndivyo nataka akuulize."

Nikasikia hatua zako, nikasikia swichi inaanguka, kisha ukarudi unahema kama mtu aliyepanda ghorofa. Ukasema, "Nimezima." Nikakuuliza unajisikiaje, ukasema, "Nimekaa." Nikajua ulikuwa hujakaa tangu siku ya mtoto, nami nikakaa pia.

Sasa nisikilize, maana kwa simu nilikuonea huruma na hapa nitakugombeza kidogo.

Ulipoweka ndara mbele ya friza ulikuwa umeshajijibu mwenyewe. Mtu anayenunua ndara hizo hana swali la kuniuliza mimi, ana jambo la kufanya. Ulipowaambia wavae, uliwaambia nusu ya ukweli, na nusu hiyo haimtoshi mtoto wa chekechea, ambaye anavua viatu pale pale unapomwambia avae. Kwa bahati alikuwa na soksi kavu. Sitaandika hapa ingekuwaje kama angekuwa ametoka kuoga. Wewe umeishi na fundi, unajua.

Nilimuuliza fundi umeme anayetunza mitambo yetu hapa gazetini. Nilipofika kwenye zile nyaya mbili za kijani alinikatiza: "Huyo mama yuko hai?" Nikamwambia yuko hai na anasoma biolojia. Akanieleza, nami nakueleza kwa maneno yangu. Waya ule haukuwa wa soketi yako peke yake. Mmoja ulikuwa unatoka kwenye boksi kubwa, wa pili ulikuwa unaendelea mbele, unapita ukutani hadi koridoni, hadi kwenye friza. Ulipozitoa zote mbili ulimnyang'anya kila aliye mbele ethi yake. Na friza ya binti yako, kwa alivyosema huyu fundi, ina ugonjwa tangu ilipohamia, mota yake inavujisha umeme kidogo kwenye bati lake. Siku zote umeme huo ulikuwa ukichukuliwa na ethi aliyofunga mumeo na kupelekwa ardhini usimdhuru mtu, na safari hiyo ndiyo iliyokuwa ikisikika kwenye hedifoni zako. Kile ulichokiita kelele kilikuwa kazi ya mumeo ikiwalinda. Uliifunga mdomo, ikaanza kuwauma.

Nimelisema kwa ukali kwa sababu nataka ulione vizuri, kwamba baba wa nyumba hiyo hakukosea popote. Wewe unaogopa Koleo atamsema vibaya. Koleo bado hajafika, na mtu aliyemwacha asemwe vibaya ni wewe, siku ya ule mchele. Unamlinda marehemu na maneno ya fundi mwenzake huku umemwachia lawama ndani ya nyumba yake, kwa mtoto wake. Hilo ndilo linalokuzuia kukaa, dada yangu, wala sio mvumo.

Na kidole. Nilisoma pale mara nyingi kuliko pengine popote, wala sikukucheka. Najua mtu anavyoweza kubaki na kitu kidogo kisicho na maana kwa wengine. Mimi nina koti la mtu kwenye msumari wa mlango, na kila anayekuja kunitembelea ananiuliza ni la nani. Lakini koti haliui. Huyo anayekugusa mdomo sio mzee wako, ni umeme wa chaja ya kompyuta uliokosa njia ya kwenda ardhini. Mzee uliyeniandikia ni yule anayezima swichi kubwa ili abadili taa. Mtu huyo akitaka kukufikia hatapitia kwenye chuma kisicho na ethi, na angekuwepo angekuvuta mkono na kukuuliza kama una akili. Unachokikosa ni mtu wa kukaa kwenye kile kistuli. Unasoma peke yako chini ya mablanketi kwa watoto usiowaona, na hakuna anayekwambia umesogea nyuma. Kitu hicho kinaweza kupatikana bila umeme. Mwambie binti yako akae pembeni yako siku moja moja, avae hedifoni. Hatakuwa baba yake. Atakukosoa vibaya na mtagombana. Hiyo nayo ni kampani.

Basi fanya hivi. Soketi usiifungue tena wewe, hata kama unajua, maana safari iliyopita ulijua. Mwite Koleo, sio fundi mwingine, kwa sababu huyu ndiye atakayeitambua kazi ya mwenzake na kuiheshimu hata akiibishia. Arudishe nyaya zote mbili, apime ethi mpaka nje kwenye chuma chake cha ardhini, na friza isichomekwe popote, wala kwako wala kwa jirani, mpaka mota yake itengenezwe au ibadilishwe. Ikipona, aifungie laini yake peke yake kutoka kwenye boksi, mbali na kona yako. Nyumba nyingi zina friza na zina watu wanaorekodi, na hawatoi waya wa mtu.

Kwa mwalimu, mpigie wewe, kabla hajakupigia yeye. Mwambie hukuita fundi. Mwambie shule ikupatie betri ya ile kompyuta, ama kompyuta nyingine inayokaa bila chaja, maana fundi wetu ameniambia ukirekodi kwa betri, chaja ikiwa imechomolewa, kompyuta inakuwa haina njia ya kupitishia mvumo wa ukutani. Waya wa maiki usiulaze pamoja na waya wa umeme, upite upande wake. Mpaka betri ije, nenda ukasome darasani kwao kwa mdomo wako, kama siku ile ya maji. Sura ya moyo iko nawe, na wale watoto watafurahi kusikia kwamba nyuki wamehama.

Lakini yote hayo ni ya pili. La kwanza ni kusema na binti yako, na useme kabla Koleo hajashika bisibisi. Umeniomba mahali pa kuanzia pasipouma. Sina. Usianze na kidole, usianze na wanafunzi, usianze na jinsi ulivyozima swichi kubwa kwa uangalifu. Anza na baba yake. Sema, "Baba yako hakukosea, ni mimi." Halafu nyamaza, umwache akasirike mpaka amalize.

Hapa ndipo nilipokuwa nimeweka nukta. Nilikuwa natafuta maneno ya kumalizia simu ikalia, sauti ya mwanamke kijana, haikunisalimia.

"Wewe ndiye uliyemwambia mama yangu azime friza yangu?"

"Ndiye mimi."

"Juisi zote zimekwisha. Nimemwaga ndoo nzima."

"Pole sana, mwanangu."

"Usinipe pole. Nimemgombeza mpaka majirani wametoka." Nilisikia mtoto nyuma yake anauliza kama friza imekufa. "Amenieleza yote. Mpaka ule mdomo wake kwenye maiki. Mama yangu ni mtu mzima, mshauri, angeweza kufa hapo chumbani na sisi tunadhani anasoma."

"Najua."

"Koleo amekuja leo. Kafungua, kaangalia, hata testa hajatoa. Kasema, 'Hii tepu sio ya mkono wake, yeye alikuwa anazungusha kwenda kulia.' Kakaa sakafuni pale pale. Akatuambia wamebishana miaka yote, lakini ethi ya mtu huyu hajawahi kuikuta imelegea." Kisha akasema, "Kumbe sio baba. Tangu friza inipige nilikuwa nimemkasirikia, sijui hata kama nilikuwa najua. Nilikuwa nikipita kaburini sisimami."

Nikamuuliza mama yuko wapi. Akasema yuko shuleni, anawasomea, amekwenda na mjukuu.

Basi, dada yangu, mengi niliyokuandikia hapo juu yamekukuta umeshayafanya, na nimeyaacha kwa ajili ya wengine. Lililobaki ni dogo. Mwanao ameniambia Jumapili mnakwenda makaburini wote, na Koleo anakuja. Mkimaliza kumwombea mzee wenu, mnikumbuke na mimi.